Bata Waliotangaziwa Amani

Neno la kwanza la amani nililojifunza kwa Kiaisilandi lilikuwa limeandikiwa bata.

Ilikuwa wiki yangu ya pili Reykjavík. Kazi ilinipeleka huko kusoma kozi ya miezi sita ya jotoardhi, ile iliyoanza mwaka 1979 na ambayo Wakenya tumeifanya kama yetu kwa wingi wetu. Mwezi wa Mei ulikuwa unaisha, jua halitaki kuzama, usingizi umenikimbia. Nikatoka kutembea kandokando ya bahari hadi Seltjarnarnes, kwenye ncha kabisa, penye mnara wa taa uitwao Grótta. Maji yakipwa, unavuka kwa miguu. Yalikuwa yamepwa, lakini mbele yangu pana kibao: Friðland. Kupita marufuku. Nikaiuliza simu maana yake, ikanijibu bila haya: nchi ya amani.

Nchi ya amani, na mtu haruhusiwi kuingia! Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kumbe ni hifadhi ya ndege, tangu mwaka 1974, na hufungwa majira wanapotaga. Kiaisilandi kina kitenzi, friða, ambacho maana yake ni kumpa kiumbe amani, yaani kumpiga marufuku kila mtu asimguse. Bata wa baharini waitwao æðarfugl, wale ambao manyoya yao ya ndani ndiyo yanayojaza mifarishi ya bei ghali, wamepewa amani kisheria tangu karne ya 19. Mfugaji huchukua manyoya kiotani, bata mwenyewe humwacha. Wavuvi nao wana neno hilohilo kwa eneo la bahari lililofungwa ili samaki wazaliane. Nikiwa bado nasoma kile kibao, ndege mweupe mdogo, kria, akanishukia utosini kwa mdomo kama sindano. Nikarudi mbio. Amani hiyo ina wenyewe.

Nilipanga chumba kwa mwalimu mstaafu, mama wa miaka themanini na ushei. Huko hakuna Bwana wala Bibi; kila mtu huitwa jina lake la kwanza, rais na mfagiaji sawasawa. Mimi mtoto wa Mombasa nimwite mama mzima kwa jina tupu? Ulimi ulikataa. Nikaanza kumwita amma, ambalo kwao ni bibi mzaa mama au mzaa baba, naye akalipokea kama mtu aliyekuwa akilingojea. Nilipomsimulia habari ya bata na kria, alikwenda kwenye kabati akarudi na karatasi tatu zilizogeuka rangi ya chai. Zamani aliwafundisha Kiingereza akina mama wenzake waliokuwa wakiandamana kupinga kambi ya Wamarekani ya Keflavík, ili wakikutana na wanawake wa nchi nyingine wajue la kusema. Upande wa kushoto maneno ya Kiingereza ya amani, upande wa kulia ya Kiaisilandi. Nikamwomba niongeze safu ya tatu, ya Kiswahili. Niliona ni kazi ya jioni moja. Ilinila hadi Oktoba.

Chukua lile la kwanza tu, "peace". Waingereza wenyewe waliletewa na watawala waliotoka Ufaransa baada ya 1066, na asili yake ni Kilatini cha kufunga makubaliano. Kabla ya hapo walikuwa na "frith", ndugu wa damu wa friður ya Kiaisilandi, na wakaiacha ikafa. Friður ina ukoo mpana: inatoka kwenye shina la zamani la kupenda, na hukohuko ndiko walikotoka frjáls, aliye huru, na frændi, jamaa wa damu. Amma alilipenda sana jambo hili. "Waingereza wana mkataba," aliniambia, "sisi tuna jamaa." Sikutaka kumharibia raha kwa kumkumbusha kwamba katika masimulizi yao ya kale jamaa ndio waliouana zaidi. Karne ya 13 koo zao zilichinjana kwa miongo kadhaa, hadi wakachoka, na kati ya 1262 na 1264 wakajiweka chini ya mfalme wa Norwe.

Safu ya Kiingereza ilikuwa na matatu yaliyofuatana: "truce", "armistice", "ceasefire". Upande wa pili aliandika neno moja mara tatu, vopnahlé. Vopn ni silaha. Hlé ni kituo kifupi. Ndilo neno linalowaka kwenye skrini ya sinema Reykjavík filamu ikifika katikati, taa zikawashwa, watu wakatoka kununua bisi na soda, kisha wakarudi kukaa palepale. Mapumziko ya silaha! Kiingereza kinasema moto umekoma, na kila siku redioni tunasikia umekoma na kila siku unawaka tena. Kiaisilandi hakijaahidi kitu. Kimesema watu wametoka kidogo. Nikaangalia cha kwetu: kusitisha mapigano. Sita ni kusimama kidogo ukiwa na shaka, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Kumsitisha mtu ni kumtia hali hiyo. Nililiandika kwa fahari, maana kwa mara ya kwanza niliona safu yangu imeikaribia ya amma kuliko ile ya Kiingereza.

Jingine lililonikalisha ni helgi, utakatifu. Friður na helgi vikiunganishwa vinazaa friðhelgi, na katiba yao katika ibara ya 71 inasema kila mtu ana friðhelgi ya maisha yake binafsi, ya nyumba na ya familia. Kiingereza hapo husema "privacy", neno la mtu aliyejifungia mlango. Sisi tunasema faragha, na faragha kwetu ina harufu ya kunong'ona. Lakini hii yao ni nyumba iliyotangazwa kama wale bata.

Ardhi nayo ikipewa helgi inakuwa landhelgi, bahari ya nchi. Hapo mume wa amma aliingia mazungumzoni kutoka kwenye picha ukutani. Alikuwa baharia wa walinzi wa pwani wakati wa vita vya samaki na Uingereza. Aisilandi haina jeshi, lakini ilipanua mipaka yake ya uvuvi hadi maili 12 mwaka 1958, 50 mwaka 1972 na 200 mwaka 1975, na meli za Waingereza zilipokaidi, walinzi wa pwani walivuta chombo chenye makali nyuma ya meli yao na kuzikata waya za nyavu. Zinaanguka baharini na samaki wake. Mwaka 1976 Waingereza wakakubali yaishe. "Mimi nilikuwa naandamana kwa ajili ya amani," amma alisema, "yeye alikuwa anakata nyavu. Tulikula meza moja." Nikamwambia jambo ambalo hakulijua, kwamba wazo la eneo la kiuchumi la maili 200 baharini lilipelekwa Umoja wa Mataifa na Kenya mwaka 1972, kwa kalamu ya mwanadiplomasia wetu Frank Njenga. Akaitazama ile picha ukutani, akasema: basi huyu alikuwa anawafanyia kazi ninyi.

Kwa "mediate" amma aliandika maneno mawili. La kwanza la ofisini, miðla málum. La pili lilikuwa msemo mzima: bera klæði á vopnin, kuzitupia silaha nguo. Katika masimulizi ya kale wanaume wakishikana kwa panga na shoka, wanawake walitoka mbio na nguo mikononi wakazirusha juu ya silaha, zikanasa. Upanga uliofunikwa na sketi ya shangazi yako hauna heshima tena. Mpaka leo gazeti likitaka kusema kwamba waziri fulani ameingia kati kusuluhisha mgomo, huandika kwamba amezitupia silaha nguo.

Niliposikia hilo nilikaa kimya. Mwenzangu mmoja wa kazini, Mtugen kutoka Baringo, aliwahi kunisimulia tukiwa kwenye kisima cha mvuke Olkaria kwamba kwao mama akifungua leketyo yake, ule mkanda wa shanga anaojifunga tumboni baada ya kuzaa, na kuutupa katikati ya wanaopigana, hakuna anayethubutu kuuruka. Ni mkanda ulioshika matumbo waliyotokea. Wanawake wa Aisilandi na wa Baringo hawakupata kuonana. Nikaandika katika safu ya tatu "kuingilia kati", nikaifuta, nikaandika "kutupa leketyo", nikaifuta pia kwa kuwa si Kiswahili. Pale pamebaki na tundu kwa kusugua raba.

Grið ilikuwa rahisi kuelewa na ngumu kuandika. Ni usalama anaopewa adui kwa muda. Katika sheria ya zamani neno hilo lilimaanisha kwanza makazi: kila mtu alipaswa kuwa na nyumba anakohesabiwa, na kutoka kwenye makazi likazaa usalama. Anayevunja grið aliitwa griðníðingur, na kiapo chao cha zamani kinamlaani awindwe kama mbwa mwitu popote watu wanapowinda mbwa mwitu, popote moto unapowaka, ardhi inapoota, theluji inapoanguka, na mwewe anaporuka siku ndefu ya majira ya kuchipua akiwa na upepo mzuri chini ya mbawa zote mbili. Mwewe huyo mimi nampenda. Laana yote ile, halafu mtunzi akapata nafasi ya kumtazama ndege. Nikaandika makimbilio, kama Biblia ya Kiswahili inavyosema miji ya makimbilio. Nilipokuwa nikiliandika niliona kituo cha polisi cha Naivasha mwishoni mwa Januari 2008, magodoro ya waliokimbia vurugu za baada ya uchaguzi yamepangwa uwanjani. Mimi nilikuwa bado Mombasa mwanafunzi, niliyaona kwa televisheni. Lakini miaka baadaye nilifanya kazi na watu waliolala pale.

Na hapo ndipo amma aliponiuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike haya yote. Alikuwa ameona kwamba safu yangu inajirudia. Penye friður niliandika amani. Penye ró, ule utulivu wa mtu aliyekaa na kikombe chake, niliandika amani. Penye kyrrð, ukimya wa mahali pasipo upepo, amani. Penye sátt, hali ya watu waliogombana wakamalizana, nikaanza kuandika ama... akaniwekea kidole juu ya kalamu. "Hiyo amani yenu," aliuliza, "ni ipi kati ya hizi nne?"

Nilitaka kumjibu kwamba tunayo maneno, tena mengi. Utulivu, shwari, suluhu, mapatano, maridhiano, salama. Mabaharia wa kwetu hawachanganyi shwari na salama hata wakiwa usingizini. Shwari inaweza kukuua kwa kiu. Lakini nilikumbuka jinsi tunavyolitumia. Nilikulia kwenye maneno ya Rais Moi ya amani, upendo na umoja, yaliyoimbwa na watoto waliopigwa jua. Kisha ukaja mkataba wa Februari 28, 2008, Kofi Annan amesimama pale Harambee House, Kibaki na Raila wakatia sahihi, tukapata serikali tuliyoiita ya nusu mkate. Uchaguzi uliofuata wa 2013, neno amani lilikuwa kwenye mabango, fulana, matangazo ya redio kila baada ya wimbo. Tudumishe amani. Ukiuliza habari ya hesabu ya kura: amani. Ukiuliza waliochomewa nyumba Naivasha watalipwa lini: amani, ndugu zangu, amani. Ilifika mahali nikilisikia neno hilo naona mtu ameweka kidole mdomoni.

Nikamwambia amma kwamba katika mabango yale tafsiri sahihi kwa lugha yake ingekuwa þegiðu. Yaani nyamaza. Alicheka hadi akakohoa, kisha akasema Kiingereza kina kitu kama hicho: "hold your peace", na polisi wao humkamata mtu kwa kuvunja "peace" hata kama alichovunja ni usingizi wa jirani. Nadhani hapo ndipo tulipolipata letu. Maafisa wa kikoloni walikuja na amani ya mfalme wao, ambayo ni barabara iliyonyooka na watu wasiopiga kelele, na ilipotafsiriwa ilivalishwa kanzu ya amani. Sina ushahidi wa mahakamani. Lakini "kuvuruga amani" ni Kiswahili kinachonuka jengo la D.C., yule mkuu wa wilaya wa kikoloni.

Waaisilandi pia waliwahi kuogopa kuvunjika kwa amani. Mwaka 999 au 1000, nchi ikikaribia kupasuka kati ya Wakristo na wafuasi wa miungu ya zamani, walimwachia mtu mmoja aamue, Þorgeir wa Ljósavatn, ambaye mwenyewe hakuwa Mkristo. Alijifunika vazi lake la ngozi, akalala chini yake mchana kutwa na usiku kucha bila kusema neno. Alipoinuka alisema: tukiichana sheria, tutaichana na amani. Akaamua wote wabatizwe. Amma hupenda kusema kwamba watu humkumbuka kwa uamuzi na kusahau mpangilio wa sentensi. Sheria kwanza. Amani ni nguo inayoshonwa juu yake.

Wana hadithi kali zaidi. Mfalme Fróði wa Denmark alitawala enzi ya amani kamili hivi kwamba pete ya dhahabu iliachwa njiani na hakuna aliyeiokota. Amani hiyo ilitoka wapi? Alikuwa na jiwe la kusagia, Grotti, linalosaga chochote unachokiamuru, akawanunua vijakazi wawili wenye nguvu za majitu, Fenja na Menja, wamsagie dhahabu na amani. Hakuwaruhusu kupumzika zaidi ya muda wa kuimba wimbo mmoja. Wakasaga, wakasaga. Usiku mmoja wakaanza kusaga jeshi. Likaja, likamuua Fróði. Kiongozi wake, Mysing, akawachukua wao na jiwe lao melini, akawaamuru wasage chumvi, nao wakasaga mpaka meli ikazama. Ndiyo maana bahari ina chumvi. Jina la ule mnara wa bata, Grótta, ni kama hilo la jiwe. Nilipolijua hilo nilirudi kule Agosti, ndege wameshalea makinda na njia imefunguliwa, nikakaa juu ya mawe nikiwafikiria wanawake wawili wanaosaga amani ya mtu mwingine. Nilikulia Kisauni. Najua sauti ya jiwe la kusagia alfajiri, na najua nani alikuwa bado amelala.

Septemba nilirudi kwenye karatasi nikaanza upya, safari hii kwa shina. Amani tuliipokea kwa Kiarabu, na huko imezaliwa tumbo moja na imani, na kuamini, na amana. Amma alitaka hasa kuelewa amana. Nikamweleza: ni kitu unachoachiwa na mwenzako anaposafiri. Si chako. Hukitumii. Siku akirudi, unamkabidhi kama kilivyokuwa. Akauliza, na asiporudi? Nikasema, basi hapo ndipo unapojulikana wewe ni nani. Akaandika kwa penseli pembeni, traust, imani ya mtu kwa mtu, akaweka alama ya kuuliza mbele yake. Halafu tukaandika moja moja, polepole: ró ikapata utulivu, kyrrð ikapata kimya, sátt ikapata suluhu. Akaniambia kwamba mpatanishi wa serikali katika migogoro ya mishahara huitwa ríkissáttasemjari, na kwamba makubaliano yakifikiwa, ofisini kwake huokwa waffle, maandazi bapa yenye vyumba vyumba, yale ya kuliwa na jamu na krimu, hata kama ni saa tisa za usiku. Harufu ikitoka, waandishi wa habari nje wanajua mgomo umekwisha. Nikasema sisi tungechinja mbuzi. Akasema usiku wa manane mbuzi anachelewa.

Oktoba 9 tulikwenda ufukweni kutazama kisiwa cha Viðey. Tangu 2007 hapo pana mnara wa nuru uliowekwa na Yoko Ono kumkumbuka John Lennon. Huwashwa siku hiyo, ya kuzaliwa kwake, na kuwaka usiku hadi Desemba 8, siku aliyouawa. Umeme wake ni wa mvuke wa ardhini, kwa hiyo mimi nilikuwa na maslahi. Kwa Kiingereza jina lake linakuambia uiwazie amani. Kiaisilandi kimeacha kuwaza, kikasema Friðarsúlan, nguzo ya amani. Nguzo kwao si neno dogo: inasimuliwa kwamba mlowezi wa kwanza, Ingólfur Arnarson, alizitupa nguzo za kiti chake baharini alipoiona nchi, akaapa kujenga zitakapopwelewa, na zikapatikana hapo Reykjavík. Nuru ilipopanda, upepo wa baridi ulinipasua masikio. Amma alikuwa ameleta chupa ya kahawa na hakusema lolote kuhusu amani.

Siku ya kuondoka nilimwachia leso yangu, moja ya jozi, ile nyekundu ya mama yangu iliyoandikwa Wagombanao ndio wapatanao. Nikamwambia hii ni amana, nitaifuata. Nilimtafsiria maandishi, na akaniambia nikitoka ataitandika mezani sikukuu.

Barua pepe ilikuja baada ya Krismasi. Wanawe wawili walikuja kula nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi, wakaanza kubishana kuhusu mgawo wa samaki, nani mwenye haki ya kuvua na nani kauza haki yake, ubishi wa kila mwaka. Mmoja akasimama, akashika kisu cha kukatia nyama ili kusisitiza hoja yake. Amma akainyakua leso kutoka upande wake wa meza akamrushia mkononi, kisu na vyote. Wakanyamaza kwa mshangao, kisha wakacheka. Lakini pindo lilipita juu ya mshumaa. Anaomba radhi, anajua ni amana, ameambatanisha picha nione hasara.

Nimeikuza picha. Moto umeingia kutoka kulia mpaka kwenye maandishi, ukala herufi tatu za mwisho, hivyo ukisoma sasa inasema: Wagombanao ndio wapata. Nimemjibu kwamba Kenya itasomeka bila shida.